Nkoaranga hadi Kikatiti: Historia ya Uamsho na Ujirani wa Makanisa Meru

Kikatiti ni kata iliyo upande wa mashariki wa nchi ya Wameru wa Tanzania, katika barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Msafiri atokaye Arusha hupita kwanza Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, na baada ya Kikatiti huikuta njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Juu yake, kuelekea mlimani, ziko Sakila na King'ori, kisha Leguruki na Ngarenanyuki. Chini yake ni tambarare, mahali ambapo migomba inaanza kuwa adimu na vumbi ndilo linalotawala. Kandokando ya barabara hiyo vibao vya makanisa ni vingi kuliko vibao vya maduka ya dawa: kuna vya Kilutheri, vya Kikatoliki, vya Kisabato, na vya Kipentekoste vyenye majina ambayo hata wenyeji hawayamalizi.

Wingi huo ni wa juzi tu. Kwa zaidi ya nusu karne, kusema "Mkristo" katika nchi ya Meru kulikuwa karibu sawa na kusema "Mlutheri". Usharika wa kwanza, Nkoaranga, ulianzishwa mwaka 1902, na karibu kila kanisa la zamani la Kilutheri mlimani, na mengi ya yale ya tambarare, limetokana nao moja kwa moja au kupitia binti zake. Makanisa mengine yalikuja baadaye, mengi yakiwa yamejaa watu waliobatizwa utotoni na wachungaji wa Nkoaranga. Ndiyo maana ushirikiano wa makanisa upande huu wa mlima una sura ya pekee. Wanaokutana ni ndugu wa ukoo mmoja, wajukuu wa babu mmoja aliyekuwa mzee wa kanisa moja, ambao sasa wanasali chini ya mabati tofauti.

Chanzo chenyewe cha Ukristo Meru kilikuwa kibaya. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, mwaka mmoja baada ya Waanglikana wa CMS kulazimika kuondoka Moshi. CMS waliwaachia Wajerumani kazi yao, na huo ukawa mfano wa kwanza wa utaratibu ulioshika kaskazini kwa muda mrefu: kila misheni na eneo lake, na asiyealikwa asivuke mpaka. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Kilema na Kibosho. Walutheri walikuwa Machame, Mamba na Moshi. Mlima Meru ulikuwa bado haujafikiwa na yeyote kati yao.

Oktoba 1896 vijana wawili kutoka nchi za Baltiki, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema Akeri, kwenye miteremko yake, pamoja na wasaidizi wao Wachaga. Usiku walivamiwa na askari wa Kimeru na Kiarusha, na wamisionari hao wawili wakauawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kapteni Johannes, kamanda wa Kijerumani wa Moshi, alikuwa na kikosi chake karibu na hapo, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kutofautisha mzungu wa Biblia na mzungu wa bunduki. Kilichofuata ni adhabu ya kijeshi iliyoikumba nchi nzima. Johannes alikuja na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Kilimanjaro, wanawake wakatekwa. Makaburi ya Ovir na Segebrock yapo Akeri hadi leo, na huzuriwa. Wameru waliouawa katika adhabu ile hawakujengewa kumbukumbu ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo ujio wa 1902 haukuwa jambo jepesi. Mmisionari Arno Krause na mwenzake walipojenga Nkoaranga, miaka sita tu ilikuwa imepita. Msaada mkubwa waliupata kwa walimu wa Kichaga. Kimeru, au Kirwa kama wenyewe wanavyokiita, kinakaribiana sana na Kimachame, kwa hiyo mwalimu wa Machame aliweza kufundisha na kueleweka tangu wiki ya kwanza. Lakini alikuwa Mchaga, na Wachaga ndio walioondoka na ng'ombe. Vitabu vya historia ya misheni huwapa walimu hawa sentensi moja au mbili, navyo vinawapunja. Kabla hajafungua kitabu, kila mmoja wao alipaswa kukaa na wazee, anywe alichopewa, asikilize madai yasiyolipika, na arudi kesho yake. Upatanisho wa jirani na jirani ulikuwa sehemu ya kazi ya kanisa la Meru tangu siku ya kwanza, hata kama hakuna aliyeuita kwa jina hilo.

Kutoka Nkoaranga kazi ilienea kwa njia ya shule za vichakani: kibanda, ubao, mwalimu mmoja, ibada Jumapili mahali palepale ambapo Jumatatu ilifundishwa hesabu. Kahawa ilipoota mizizi kwenye mashamba ya Wakristo wa kwanza, senti zake zilinunua mabati na kengele. Vita viwili vya dunia vikaongeza jambo ambalo wamisionari hawakulipanga. Mwaka 1920 Wajerumani walifukuzwa, na hadi waliporudi katikati ya muongo huo sharika zilishikwa na walimu na wazee, zikisaidiwa kwa kiasi na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Mwaka 1934 kundi la kwanza la wachungaji Waafrika wa misheni ya Leipzig lilibarikiwa, akiwamo Lazaro Laizer wa upande wa Ilboru. Mwaka 1940 wamisionari Wajerumani walikamatwa tena na kuzuiliwa, mmisionari Richard Reusch akabaki miongoni mwa wachache wa kusimamia nchi nzima ya kaskazini pamoja na Wamarekani wa Augustana. Mchungaji mwenyeji aliyezoea kuamua mambo mwenyewe kwa miaka kadhaa hakurudi kuwa mtumishi wa kutumwa.

Katika hali hiyo ndipo uamsho uliingia. Chimbuko lake lilikuwa mbali, Gahini nchini Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika hospitali ya misheni ya Kianglikana, kisha Kigezi na Buganda nchini Uganda. Majina yanayokumbukwa ni ya Simeoni Nsibambi, Blasio Kigozi na daktari Joe Church. Ulipovuka kuingia Bukoba kabla ya vita kuu ya pili, uliwapata Walutheri, na miongoni mwa vijana wake alikuwamo Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu na, mwaka 1977, rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Kilimanjaro na Meru zilifikiwa miaka ya 1940 na 1950, na safari hii waliouleta hawakuwa wazungu. Walikuja walimu, wauguzi na wafanyabiashara kwa basi na kwa miguu, wakilala kwenye nyumba za watu.

Watu waliwaita walokole, neno la Kiganda lililogeuzwa kidogo. Wao wenyewe waliitana "ndugu". Mikutano yao ilikuwa na desturi moja iliyowashtua wazee wa kanisa: mtu alisimama mbele ya wenzake na kutaja dhambi zake kwa majina. Aliyeiba mbuzi alimrudishia mwenyewe, wakati mwingine miaka kumi baada ya tukio, na mwenye mbuzi hakujua acheke au akasirike. Hilo ndilo waliloliita kutembea nuruni. Mbege, pombe ya ndizi, iliachwa, na nyumba zilizokuwa zikipokea wageni kwa kibuyu zilianza kuwapokea kwa chai. Mume na mke walikaa meza moja kula, jambo ambalo kwa wengi lilikuwa geni kuliko mahubiri yote.

Walokole pia walivunja mipaka ya misheni. Ndugu wa Bukoba, wa Machame, wa Dodoma na wa Kigezi walikutana bila kuulizana dayosisi. Mwanglikana alihubiri, Mlutheri alitafsiri, Mmenoni wa kutoka Musoma aliongoza sala. Mwaka 1960 Billy Graham alipohubiri Moshi mbele ya umati wa maelfu, mkalimani wake alikuwa Festo Kivengere, Mwanglikana wa Kigezi aliyewahi kufundisha Dodoma na aliyejulikana kwa walokole wa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Wakuu wa makanisa walikuwa wakijadiliana kuhusu umoja katika vikao vya Jumuiya ya Kikristo, iliyoanza mwaka 1934 kama baraza la misheni. Walokole waliokuwa chini yao walishaamua. Hata hivyo uamsho haukuwa mtamu tu. Ndugu walikuwa wepesi kumwambia mchungaji kwamba hajaokoka, na wachungaji wengi hawakusahau. Kinyume na mahali pengine, walokole wa Kilutheri wa kaskazini kwa kawaida hawakutoka kanisani. Walibaki, wakakaa safu za mbele, na wakawa mzigo na nguvu kwa wakati mmoja.

Wakati huohuo nchi ya Meru ilipigwa na jambo jingine, na upande wa Kikatiti ulikuwa katikati yake. Tume ya Jaji Wilson, iliyotoa taarifa yake mwaka 1947, ilipendekeza kupanga upya ardhi ya Arusha na Moshi. Serikali ya Waingereza ikaamua kwamba Wameru wa Ngarenanyuki na Leguruki waondoke ili ardhi hiyo iwe mashamba ya mifugo ya walowezi. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walifukuzwa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa, na kanisa la Walutheri halikuachwa. Waliofukuzwa walipangiwa kuhamia King'ori, juu tu ya Kikatiti ya leo, eneo walilolilalamikia kwa ukame wake na magonjwa ya mifugo. Wengi walikataa. Walijibana kwa ndugu zao mlimani, familia mbili tatu katika kihamba kimoja cha migomba.

Wameru walichanga fedha, senti kwa senti, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet, kijana aliyesoma shule za misheni, hadi Umoja wa Mataifa, New York. Alisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini miaka mitatu baadaye, mwaka 1955. Mmeru alikuwa amemtangulia. Azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, lakini kesi hiyo iliitangaza Tanganyika. Baadhi ya waandishi huitaja kama sura ya siasa tu. Kwa Wameru wa mashariki ilikuwa pia sura ya kanisa. Sharika zilizopokea wahamishwa zilijifunza kugawana maji ya mfereji na watu ambao hawakuwa washirika wao, na suala la nani ni jirani halikuwa tena la darasa la kipaimara. Mpango wa walowezi wenyewe haukufika mbali, na tambarare za King'ori, Kikatiti na Maroroni zilianza kujaa watu walioshuka kutafuta mashamba. Walishuka na nyimbo zao na wazee wao wa kanisa, wakaanzisha mitaa ya kanisa chini ya miti kabla hawajapata mchungaji.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, mkuu wake wa kwanza akiwa Stefano Moshi. Makao makuu ya kanisa hilo yako Arusha. Mwaka huohuo Roma iliunda jimbo la Arusha, na Wakatoliki, waliokuwa wachache Meru kwa sababu ya mipaka ya zamani, walianza kujenga parokia na vigango. Wakati Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 na shule za misheni kutaifishwa miaka michache baadaye, jambo moja dogo lilibadilika ambalo athari yake haijapimwa ipasavyo. Watoto wa madhehebu yote walikaa dawati moja. Kipindi cha dini kilipofika waligawanyika: Walutheri chini ya mwembe, Wakatoliki darasani, Wasabato kwenye kona yao, kisha kengele ikalia wakarudi pamoja kwenye hisabati. Sekondari walikuta UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo uliokuwa chini ya Jumuiya ya Kikristo, ambamo Mmoraviani wa Mbeya na Mlutheri wa Meru waliandaa mkesha mmoja. Wachungaji na wainjilisti wengi wa miaka ya 1980 na 1990 waliokokea huko, wala si sharikani kwao.

Wimbi la pili la uamsho lilikuja kwa njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Edmund John, Mwanglikana wa Dar es Salaam, alizunguka nchi akiombea wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1975, na watu wa kila dhehebu walimfuata. Makanisa ya Kipentekoste, ambayo awali yalikuwa ya mijini, yalipanda vijijini. Kunena kwa lugha, kufunga na kuombea wenye mapepo viliingia ndani ya sharika za Kilutheri zilizozoea kitabu cha liturujia. Walokole wa zamani, wale wa kutembea nuruni, hawakuwa na hamu na makelele hayo. Wengine walisema wazi kwamba vijana wamechukua moto wakaacha toba.

Sharika zilizofunga milango zilipoteza vijana wao. Ubatizo wa maji mengi uligeuka alama ya kuvuka: aliyebatizwa utotoni Nkoaranga akizamishwa mtoni, familia ilijua amehama. Pale Sakila, juu ya Kikatiti, liliota kanisa la International Evangelism Church, chini ya Askofu Eliudi Issangya, lililojulikana kwa chuo chake cha Biblia na kwa kutuma wainjilisti mbali na Meru. Ni jambo la kutafakari kwamba kijiji cha mlimani, kilichokuwa kikipokea wahubiri wa watu wengine, kilianza kutuma wake. Walutheri wengi wa jirani walilitazama kwa jicho la shaka mwanzoni, kisha kwa udadisi, na baadaye kwa mazoea ya kawaida ya watu wanaokutana sokoni kila wiki.

KKKT nalo lilijifunza. Vikundi vya uamsho vilipewa siku yao katikati ya wiki, ibada za maombezi ziliingizwa kwenye ratiba, na mlei mwenye karama alipewa kipaza sauti badala ya onyo. Mfano unaojulikana zaidi nchini ni Christopher Mwakasege, Mlutheri asiye mchungaji, ambaye semina zake kupitia Huduma ya Mana, yenye makao Arusha, hukusanya Walutheri, Wapentekoste, Waanglikana na Wakatoliki katika uwanja mmoja. Anayesikiliza haulizwi kadi ya usharika.

Jaribio gumu kuliko yote halikutoka nje. Meru ilikuwa sehemu ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi, na tangu 1973 jirani zao Waarusha walikuwa na sinodi yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madai ya Wameru kuwa na dayosisi yao yaligeuka mgogoro, na kati ya 1990 na 1993 mgogoro huo ulitoka kwenye vikao ukaingia vijijini. Waliotaka kujitenga na waliotaka kubaki walikuwa wa ukoo mmoja, wakati mwingine wa nyumba moja. Nyumba zilichomwa, mibuni na migomba ikakatwa, makanisa yakagombaniwa funguo. Serikali ililazimika kuingilia kati. Mwisho wake ulikuwa wa namna mbili: mwaka 1992 Dayosisi ya Meru ilipatikana ndani ya KKKT, askofu wake wa kwanza akiwa Paulo Akyoo, na kundi lililotoka likawa kanisa lake lenyewe, African Missionary Evangelical Church, maarufu kwa kifupi AMEC.

Kwa hiyo vibao viwili vilisimama mahali ambapo kilikuwapo kimoja, na nyimbo zilezile ziliimbwa chini ya vyote viwili. Watafiti wamezitafuta sababu katika ukabila, katika ardhi, katika siasa za mwanzo wa vyama vingi na katika fedha za misaada, na pengine zote zimo. Lakini maelezo hayo hayafiki kwenye jambo lililowasumbua wenyeji zaidi, ambalo ni misiba. Mtu akifa, nani amzike? Katika miezi mibaya kulikuwa na watu waliozikwa bila kengele, na mashemeji waliosimama ng'ambo ya barabara wasiingie kwenye boma la marehemu. Wameru husamehe mengi, lakini kukosekana mazishini si jepesi kusameheka.

Upatanisho ulianzia hapohapo. Hakuna mkataba unaoweza kutajwa kuwa ndio uliomaliza uhasama. Palikuwa na wazee wa koo, washili kama wanavyoitwa, waliokataa maiti ashindaniwe. Utaratibu uliokua, na ambao leo ni wa kawaida kutoka Akeri hadi Kikatiti, unaweza kuonekana katika msiba wowote. Maturubai ni ya usharika wa Kilutheri, viti vya plastiki ni vya Wakatoliki wa kigango cha jirani, sufuria kubwa zina herufi za kanisa la Kipentekoste zilizoandikwa kwa rangi ya mafuta ili zisipotee. Kwaya tatu hupangiwa zamu. Ibada huongozwa na mchungaji wa kanisa la marehemu, lakini wachungaji wengine waliohudhuria hutambulishwa, hupewa nafasi ya neno fupi au sala, na mmoja wao ndiye kwa kawaida huachiwa sala ya kuwaombea wafiwa. Mshereheshaji anayesahau kumtaja mchungaji wa upande mwingine huambiwa na mama fulani kabla jeneza halijashushwa.

Mahali pengine pa kukutania ni mnada. Katika sharika za Kilutheri za Meru na Kilimanjaro washirika hutoa sadaka ya mazao: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, debe la mahindi, chupa ya maziwa, wakati mwingine boga moja. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa husimama nje na kuanza kuita bei. Mkungu unauzwa, mnunuzi anaurudisha kama sadaka, unauzwa tena, na mara ya tatu unakuwa umeingiza fedha kuliko thamani ya shamba dogo la migomba. Watu waliotoka kusali kwingine husimama barabarani, wakisikiliza, kisha wanasogea. Mkatoliki anayetoka misa ya kwanza akinunua kuku wa Walutheri hapati hotuba yoyote kuhusu umoja. Anapata kuku na makofi. Ujenzi wa kanisa nao hufanywa hivyohivyo. Harambee ya paa hualika kwaya ya kanisa jirani, na kanisa lililoalikwa hujua kwamba deni hilo litalipwa siku ya paa lake.

Juu ya mazoea haya ya vijijini kumejengwa ushirikiano rasmi. Ijumaa ya kwanza ya Machi wanawake wa makanisa mbalimbali hukusanyika kwa Siku ya Maombi ya Dunia, kwa zamu, leo kwa Walutheri, mwakani kwa Waanglikana au Wamoraviani. Vitenge vinafanana, utaratibu wa ibada huandaliwa na wanawake wa nchi nyingine, na mara nyingi mhubiri naye ni mwanamke. Januari 18 hadi 25 ni wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, ingawa vijijini hupita kimya kuliko mijini. Katika huduma za jamii, Jumuiya ya Kikristo na Baraza la Maaskofu Katoliki waliunda mwaka 1992 Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ili makanisa yasemezane na serikali kwa sauti moja kuhusu hospitali na shule zao. Hospitali ya Nkoaranga, iliyokua kutoka zahanati ya misheni, haijawahi kumuuliza mjamzito anasali wapi. Makumira, ambako Walutheri walihamishia chuo chao cha theolojia mwaka 1954, leo ni chuo kikuu chenye wanafunzi wa kila dhehebu, na Wasabato wana chao, Chuo Kikuu cha Arusha, upande wa Usa River. Vitabu navyo vimesaidia. Tenzi za Rohoni zimo katika mikoba ya Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste, na Biblia ya Habari Njema ilitafsiriwa kwa ushirikiano wa Waprotestanti na Wakatoliki.

Mipaka ipo bado, na wenyeji hawaifichi. Walutheri na Wakatoliki hutambua ubatizo wao kwa wao, na mwaka 1999 Shirikisho la Walutheri na Kanisa Katoliki walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki; lakini meza ya Bwana bado ni mbili, na binti wa Kilutheri anayeolewa na Mkatoliki huketi kwenye benchi wenzake wakipanga foleni. Wapentekoste na Wasabato hawaukubali ubatizo wa watoto wachanga, kwa hiyo kila ubatizo wa mtoni humaanisha kwamba kuna mchungaji aliyeambiwa kuwa kazi yake haikuhesabika. Hakuna kikao kilicholimaliza hilo. Kilichopatikana ni adabu: mchungaji wa Kipentekoste mwenye busara humpigia simu mwenzake wa Kilutheri kabla ya kumzamisha kijana wake, na mwenzake, ingawa hakubali, hushukuru kwa kuambiwa.

Jambo linalogombanisha zaidi siku hizi halina theolojia. Ni vipaza sauti. Mkesha wa kanisa moja ukiwa Ijumaa, kanisa la pili lenye ibada ya alfajiri Jumamosi halilali, na wagonjwa wa mtaa mzima hawalali nao. Mikutano ya injili ya nje huhitaji kibali, na ofisi za vijiji zimejikuta zikitunza kalenda ya Roho Mtakatifu: wiki hii ni ya hawa, wiki ijayo ni ya wale, na hakuna atakayepiga gitaa siku ya soko. Wachungaji huja ofisini kila mmoja na barua yake yenye mhuri, husubiri kwenye benchi moja nje ya mlango, na hapo kwenye benchi ndipo mara nyingi hupatana kuunganisha mikutano miwili, jukwaa moja na jenereta moja, mmoja ahubiri Alhamisi na mwingine Jumamosi, gharama za mafuta wagawane nusu kwa nusu.